Mbwa Aliyeingia Msikitini

Watu wa pwani wana methali ya kumwonya anayejizoesha na wasiofaa: mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Haihitaji maelezo. Mbwa ana mahali pake, nje, nyuma ya geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali", na msikiti una heshima yake. Ukilegeza kamba, fedheha ni yako.

Septemba 2008, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, mbwa aliingia msikitini kweli. Waliomfungulia mlango hawakuwa watu wa mzaha; wanazuoni walikuwa wameulizwa na wakajibu kwa fatwa. Mwenye mbwa alikuwa kijana wa Kiislamu asiyeona, aliyetaka kwenda kuswali kama vijana wenzake. Baraza la sheria ya Kiislamu la nchini humo lilisema mbwa anaweza kumfikisha mwenyewe ndani ya jengo, kisha abaki mahali alipotengewa, mbali na sehemu ya kuswalia, hadi swala imalizike. Msikiti ukamtengea pembe yake ya kupumzikia.

Methali ile haina kosa. Ila walioitunga walikuwa wanamfikiria mbwa mwingine kabisa. Huyu wa Leicester ni mbwa mwongozaji, na kumwelewa kunataka tuanze na swali ambalo wengi wetu hulijibu vibaya: kati ya mtu na mbwa, ni nani anayeijua njia?

Mwenye ramani ni mtu

Tunapomwona asiyeona akitembea na mbwa, tunadhani mbwa ni kama daladala: mtu anataja kituo, anapelekwa. Sivyo. Mbwa hajui kwamba leo ni siku ya kliniki, wala hajui benki iko mtaa gani. Anayejua ni mtu. Ramani iko kichwani mwake: anahesabu makutano, anasikiliza magari yanapita upande gani, anahisi jua liko shavu lipi, ananusa mkate wa kwenye duka la kona. Yeye ndiye anayetoa amri: mbele, kushoto, kulia, tafuta mlango. Mbwa ana kazi ya kuifanya kila hatua ya safari hiyo iwe salama. Anasimama kwenye ukingo wa barabara, anasimama kabla ya ngazi, anazunguka shimo, anampitisha mwenzake katikati ya watu bila kumgongesha.

Taa za barabarani mbwa hazisomi. Mtu ndiye husikiliza: magari yanayokata mbele yake yakinyamaza, na yale ya ubavuni yakianza kuondoka, anajua zamu yake imefika, anaamuru. Ndiyo maana magari ya umeme, yanayonyemelea bila mlio, yamewaletea wasioona hofu mpya.

Linganisha na fimbo nyeupe. Fimbo hukitambua kikwazo kwa kukigusa: inagonga nguzo, mtu anajua pana nguzo. Mbwa hukikwepa kikwazo, na pengine mtu asijue kamwe kwamba kilikuwepo. Kwa hiyo mbwa huyu anafundishwa hesabu isiyomhusu mbwa wa kawaida. Tawi lililoinama linampita yeye juu bila kumgusa, lakini linaweza kumpasua mwenzake paji la uso. Upenyo unaomtosha yeye hauwatoshi wawili. Anapaswa kutembea akiwa na vipimo vya mwili usio wake.

Mawasiliano yote hayo hupita kwenye mpini mgumu uliounganishwa na mikanda ya kifuani mwa mbwa. Kupitia mpini huo mtu anahisi bega la mbwa likigeuka, mwendo ukipungua, mwili ukisimama. Ni mazungumzo ya mkono na mgongo, yasiyokatika tangu mlangoni mpaka kituoni.

Kufundishwa kukataa

Somo gumu kuliko yote huja mwisho. Baada ya miezi ya kufundishwa utii, mbwa hufundishwa kukaidi. Mtu ameamuru "mbele", lakini kuna gari linalokata kona kwa kasi. Mbwa anayetii atawaua wote wawili. Anayetakiwa ni yule atakayesikia amri, aione hatari, akatae kusogea au ajipitishe mbele ya miguu ya mwenzake kumzuia. Na mtu naye anafundishwa upande wake: mbwa akikataa, usimvute. Simama. Chunguza. Huenda ameona usichokisikia.

Na si barabarani tu mtu humsoma mbwa wake. Septemba 11, 2001, Michael Hingson, ambaye haoni tangu kuzaliwa, alikuwa kazini ghorofa ya 78 ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center mjini New York. Chini ya meza alikuwa amelala Roselle, Labrador wake wa rangi ya manjano, aliyekuwa akiogopa radi kiasi cha kutetemeka. Ndege ilipoupiga mnara juu yao, Roselle hakutetemeka. Hingson amesema mara nyingi kwamba utulivu wa mbwa ndio uliomwambia kuwa moto haujafika walipo, na kwamba upo wasaa wa kushuka kwa utaratibu. Waliteremka ngazi 1,463. Lakini husema pia jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, kwa kuwa linaharibu hadithi nzuri: Roselle hakumwongoza kutoka nje. Hingson alikuwa ameyajua majengo yale kwa kuyatembea na kujifunza milango yake ya dharura siku zilizopita. Yeye ndiye aliyekuwa na njia. Roselle alikuwa na hatua. Mmoja bila mwingine asingefika chini.

Mwaka uliofuata shirika la PDSA la Uingereza lilimpa Roselle Medali ya Dickin, nishani ya wanyama mashujaa. Shirika hilohilo ndilo lililompa Magawa medali ya dhahabu mwaka 2020. Magawa ni panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufundishwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, kisha akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Njia ya kumfundisha panya wa Morogoro na mbwa mwongozaji siku hizi haitofautiani sana: fanya sawa, sikia mlio mdogo wa "tik", pata kitu kitamu. Kiboko hakifundishi mnyama kufikiri.

Kijana aliyesafirishwa kama kifurushi

Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto. Mabomu na gesi za sumu vilikuwa vikirudisha vijana makwao bila macho. Inasimuliwa kwamba daktari Gerhard Stalling alimwacha mgonjwa asiyeona kwa muda mfupi pamoja na mbwa wake, na aliporudi akaona jinsi mbwa alivyokuwa akimchunga yule askari.

Mwaka 1927 Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akifundisha mbwa huko Uswisi, aliandika katika jarida la Saturday Evening Post kuhusu shule ya namna hiyo aliyoiona Potsdam. Kule Nashville, katika jimbo la Tennessee, baba mmoja alimsomea mwanawe makala hiyo. Kijana huyo, Morris Frank, alipoteza jicho la kwanza akiwa na miaka 6, la pili akiwa na miaka 16. Alimwandikia Eustis akimwomba amsaidie kupata mbwa, na akaahidi kwamba akifanikiwa atarudi Marekani kuwasaidia wasioona wengine.

Safari yake ya kwenda Ulaya mwaka 1928 inaeleza hali ya asiyeona wa wakati huo kuliko takwimu yoyote. Alisafirishwa kama kifurushi: alikabidhiwa kwa mhudumu wa meli, akitolewa na kurudishwa chumbani kwa saa walizopanga wao. Aliporudi New York mwezi Juni alikuwa ameshika mpini wa Buddy, mbwa jike aina ya German Shepherd. Waandishi wa habari wakamtaka athibitishe madai yake, wakamwonyesha West Street, barabara pana ya bandarini iliyojaa magari. Akavuka. Kisha akampelekea Eustis telegramu ya neno moja, la kusema kwamba amefaulu.

Januari 29, 1929, shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa Nashville. Leo iko Morristown, New Jersey. Uingereza ilipata mbwa wake wanne wa kwanza mwaka 1931, Judy, Flash, Folly na Meta, waliofundishwa Wallasey. Barani mwetu, Gladys Evans, mwanamke asiyeona aliyehamia Afrika Kusini kutoka Uingereza, ndiye aliyeanzisha chama cha mbwa waongozaji cha nchi hiyo mwaka 1953. Buddy alipokufa mwaka 1938, Frank alimpata mbwa mwingine, akamwita Buddy. Na aliyefuata naye Buddy.

Kumfundisha mbwa mmoja hugharimu maelfu mengi ya dola, na shule hizi huishi kwa michango. Hata hivyo The Seeing Eye humtoza mwanafunzi dola 150 kwa mbwa wa kwanza, 50 kwa anayefuata, na dola moja kwa aliyekuwa mwanajeshi, viwango vilivyowekwa tangu miaka ya 1930. Pesa hizo hazifidii hata chakula. Zinamwezesha mtu kusema: mbwa huyu nimemlipia, sikuombaomba.

Mikanda ikivuliwa

Kabla ya kufika kwa mwenyewe, mtoto wa mbwa hupelekwa kwa mlezi wa kujitolea, akiwa na wiki kama saba au nane. Huyo humlea kwa mwaka mmoja hivi, akimpeleka sokoni, kwenye basi, kanisani, kwenye lifti, ili dunia isimshtue. Kisha, kwa machozi, humrudisha shuleni. Hapo mbwa husoma kwa miezi kadhaa. Wengi hawafuzu: mmoja anapenda paka kupita kiasi, mwingine anaogopa malori. Wanaofuzu huoanishwa na mtu kwa mwendo, kimo na tabia. Mtu mwenye hatua ndefu hapewi mbwa mpole wa kujikongoja. Baada ya hapo wawili hao husoma pamoja kwa wiki kadhaa, na bado inaweza kupita miezi mingi kabla hawajaaminiana kweli.

Nyumbani, mbwa huyu ana maisha mawili. Akivishwa mikanda, yuko kazini: hanusi nguzo, hasalimii mbwa wenzake, hulala chini ya meza ya mkahawa saa nzima bila kuomba mfupa. Ikivuliwa, anakuwa mbwa kama mbwa. Anakimbiza mpira, anajigaragaza, anaiba soksi. Mwenyewe ana majukumu kila siku. Kumlisha kwa kipimo, kwani mbwa mnene havuti mwendo. Kumchana manyoya na kumpapasa mwili mzima, kwa sababu vidole ndivyo vitakavyogundua jeraha kwenye unyayo. Kumpeleka haja kwa saa maalumu. Mbwa amefundishwa kujisaidia kwa amri, na asiyeona hugusa mgongo wake kujua kutoka kwenye mkunjo wake kama ni haja ndogo au kubwa, ili ajue pa kuokota. Siku mbwa akiumwa tumbo, mtu hurudi kwenye fimbo yake, akiwa na huzuni mbili.

Na kuna siku ya kustaafu. Akifika miaka tisa au kumi, miguu inakuwa mizito, anaanza kusitasita kwenye ngazi. Wengine hubaki na mbwa mstaafu hadi mwisho. Wengine humpeleka kwa ndugu, au kwa yule aliyemlea utotoni. Wenye mbwa hawa husimulia uchungu wa asubuhi ya kwanza ya kumvisha mbwa mpya mikanda, mzee akiwa amesimama mlangoni akingoja zamu yake.

Hata hivyo, ukiwauliza kinachowachosha zaidi, wengi hawataji haja wala chakula. Wanatutaja sisi. Watu wanamsalimia mbwa na kumruka mtu. Wanampapasa akiwa katikati ya kazi, wanamrushia kipande cha nyama, wanamwita kwa miluzi wakati anapima kasi ya gari. Wengine, kwa nia njema, hushika mpini wenyewe na kuvuta, ambayo ni sawa na kumpokonya dereva usukani kwa kumsaidia. Adabu yake ni nyepesi. Ongea na mtu. Kama unadhani anahitaji msaada, uliza. Ukielekeza njia, mwelekeze yeye. Mbwa hajui "ukipita duka la dawa".

Maswali mawili ya mlangoni

Si wasioona peke yao wanaosaidiwa na mbwa. Kuna mbwa wanaowagutusha viziwi kengele ya mlango inapolia au mtoto anapolia usiku. Kuna wanaofungua friji na kuokota funguo kwa niaba ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Shirika la Canine Companions lilianza kazi hiyo California mwaka 1975. Wengine hubaki na mwenye kifafa anapoanguka, wengine huonya sukari ya mgonjwa inaposhuka, wengine huwaamsha wanajeshi wastaafu kutoka kwenye jinamizi la vita.

Ulemavu mwingi hauonekani kwa macho, na hapo ndipo ugomvi wa mlangoni huanza. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, pamoja na kanuni zake, inamruhusu mfanyakazi wa duka au hoteli kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti, kuuliza ugonjwa, wala kutaka aonyeshwe kazi hiyo. Anaweza kumtoa mbwa asiyedhibitiwa au anayechafua sakafu. Mbwa ambaye faida yake ni kumfariji tu mwenyewe kwa kuwa karibu naye hahesabiwi humo. Lazima awe amefundishwa kazi.

Sheria inayomwamini mtu haikosi wajanja. Vizibao vya "mbwa msaidizi" vinauzwa kwenye mtandao kama kofia, na mbwa wasiofundishwa wakaanza kuingizwa madukani na kwenye ndege, wakibweka na kuuma. Kuanzia Januari 2021 kanuni za usafiri wa anga za Marekani ziliyaruhusu mashirika ya ndege kuwakataa wanyama wa kufariji. Anayeumia zaidi na ulaghai huo ni asiyeona, ambaye kila mlango sasa unamtazama kwa shaka.

Habari hizi zinawagusa ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza. Wengi wanaendesha teksi, wanahudumia hotelini, wanatunza wagonjwa. Chukua dereva wa Kiislamu kutoka pwani yetu, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Abiria asiyeona anasimama kando ya barabara na Labrador. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamtaka dereva ambebe, bila nauli ya ziada. Anayeweza kusamehewa ni mwenye sababu ya kiafya iliyothibitishwa kwa cheti. Sheria ya Marekani nayo haikubali woga wala mzio kuwa sababu ya kumkataa.

Je, dereva amekwama kati ya sheria na dini? Fikihi yenyewe ina upana kuliko tunavyoikumbuka. Mafakihi wa Kimaliki wanamhesabu mbwa kuwa twahara. Wa Kishafii wenyewe wanasema kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi; na mbwa mwongozaji hukaa sakafuni, miguuni pa mwenyewe, hapandi kiti. Kurani inaruhusu mawindo ya mbwa aliyefundishwa. Na katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni miaka mingi walikuwa na mbwa, naye ametajwa akiwa kizingitini, amenyoosha miguu ya mbele.

Fimbo na mtoto

Kwetu, picha ya asiyeona tunayoijua ni nyingine: mzee ameshika ncha ya fimbo, ncha ya pili ameishika mtoto. Wanapita kati ya magari yaliyosimama kwenye foleni. Mtoto yule ni macho, na kwa kuwa ni macho hayuko darasani. Yeye si mbwa, anaijua njia na bei za sokoni. Lakini mzee naye hana siku yake mwenyewe, hutoka mtoto anapoweza kutoka.

Si rahisi kusema tulete mbwa. Mitaro yetu iko wazi, bodaboda hupanda kwenye njia ya waendao kwa miguu, mbwa koko huzunguka wakiwa na njaa, na kichaa cha mbwa bado kinaua watu vijijini. Mbwa wa kufundishwa anahitaji daktari wa mifugo, chakula na mtaa utakaomwacha afanye kazi bila kupigwa mawe. Barabara inayoweza kupitwa na mbwa mwongozaji ni barabara inayoweza kupitwa na fimbo nyeupe, na kiti cha magurudumu, na mama mwenye mtoto mgongoni. Tuanzie hapo.

Lakini wageni wanakuja, na wenzetu wanarudi. Ipo siku mtu atabisha hodi kwenye nyumba ya wageni, mkono wa kushoto umeshika mpini, na ukutani pana kibao cha kukataza mbwa. Mpokezi atatazama chini kwanza, kama tunavyofanya sote. Basi ainue macho. Aliyebisha hodi ni mtu, na hodi ya mtu jawabu lake tunalijua tangu utoto: karibu, pita ndani. Kisha wamwonyeshe mbwa pembe yake, hapo kizingitini pakikubalika.